Je, Wajua? Sifo Si Mafuta ya Mgongo wa Chupa

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Tumekua na methali hiyo, pamoja na ile isemayo chema chajiuza, kibaya chajitembeza, ndiyo maana Mswahili akimsikia mtu anajimwagia sifa humtazama kwa jicho la pembeni. Lakini ukitoka pwani ukalizunguka bara, utawakuta Wazulu, Basotho, Wanyarwanda, Wahaya, Wayoruba na wengine wengi walioweka akili zao bora katika ufundi wa kusifu. Safu ya leo ina shabaha moja: kuonyesha kwamba lugha ya sifo imeundwa ili iweze kusema kweli, hata kweli chungu, mbele ya mwenye nguvu.

Je, wajua kwamba kiini cha sifo nyingi za Kiafrika ni jina? Kwa Wazulu na Waxhosa utungo wa sifa huitwa izibongo na mghani wake huitwa imbongi. Imbongi hana haja ya kusimulia kwamba mfalme aliondoka, akapigana, akashinda. Humbandika mfalme jina, akaongeza jingine juu yake, na jingine tena, na kila jina limekunja tendo zima ndani yake. Kiswahili nacho kinaiweza kazi hiyo. Fikiria kiongozi aliyevuka mto uliofurika usiku ili awawahi maadui: mghani angemwita Mvuka-furiko, Mla-usiku, Asiyengoja-mtumbwi. Majina matatu, na vita vyote vimo. Aliyekuwepo atatikisa kichwa kwa kukubali, na asiyekuwepo itambidi aulize wazee.

Je, wajua kwamba mwasisi wa Lesotho anajulikana ulimwenguni kwa jina alilojipa kwenye majigambo? Alizaliwa mnamo 1786 akaitwa Lepoqo. Akiwa kijana alimvamia chifu mmoja aitwaye Ramonaheng, akamnyang'anya ng'ombe, kisha akajisifu kuwa amemnyoa ndevu. Sauti ya wembe unaopita shavuni ndiyo iliyozaa jina Moshoeshoe. Tanakali ya sauti ikawa jina la mfalme, na tarehe 11 Machi, siku aliyofariki mwaka 1870, ni sikukuu ya taifa.

Je, wajua kwamba wilaya ya iLembe, katika KwaZulu-Natal, imepewa moja ya majina ya sifa ya Shaka, mfalme wa Wazulu? Na kwamba "Madiba", jina ambalo dunia nzima ilimwitia Nelson Mandela, ni jina la heshima la ukoo wake, likitokana na chifu wa Wathembu aliyetawala katika karne ya 18? Kumwita mtu kwa jina la ukoo ni kumsalimu yeye pamoja na waliomtangulia.

Je, wajua kwamba shujaa mmoja anaweza kuwa "mimi", "wewe" na "yeye" ndani ya utungo mmoja? Daniel Kunene, katika kitabu chake cha 1971 kuhusu ushairi wa kishujaa wa Basotho, alieleza jinsi mtunzi wa lithoko, yaani sifo za Kisotho, anavyohama nafsi. Huanza akijitaja kama mtu wa mbali, mara akajigeukia na kujihimiza, mara akasema kwa kinywa chake mwenyewe. Mwalimu wa insha angeweka alama nyekundu. Mimi naona hapo ndipo ustadi ulipo, kwa sababu anayejisifu kwa "mimi" peke yake huchosha haraka, ilhali huyu hujitazama kwanza kwa macho ya ukoo wake, ndipo akaidai sifa kuwa yake. Vijana wa Kisotho hujifunza mapema: siku ya kutoka jandoni kila mmoja husimama mbele ya jamaa zake akaghani sifo alizojitungia.

Je, wajua kwamba kasi nayo ni sehemu ya mtindo? Wahima wa Ankole, kusini magharibi mwa Uganda, wana ekyevugo, majigambo ya shujaa aliyeshika mkuki mbele ya hadhira. Beti hutoka mbio mbio, na mwanzoni mwake mara nyingi huwekwa jina la sifa la shujaa. Jirani zao Wahaya wa Kagera wana ebyebugo, na Wanyarwanda wana ibyivugo. Ndugu yao tunaye katika vitabu vyetu vya fasihi simulizi: vivugo. Kwa Wazulu imbongi huenda huku na huko, sauti ikipanda juu na kukaa hukohuko, maneno yakifuatana bila nafasi ya kupumua, huku wasikilizaji wakimtia moyo kwa kelele za "Musho!", yaani msifu, mseme huyo. Mghani wa Kixhosa, akiwa amemaliza, hufunga kwa neno "Ncincilili!" na kila mtu hujua kwamba neno limekoma. Kasi hiyo humnyima msikilizaji muda wa kubishana na kila jina. Humfikia yote kwa pamoja, na mengine hubaki kichwani akiyatafuna hadi amefika nyumbani.

Je, wajua kwamba imbongi anaweza kumkosoa mfalme hadharani, mfalme mwenyewe akiwa amekaa hapo anasikiliza? Katika izibongo za wafalme wa Kizulu ushindi na lawama hukaa chumba kimoja. Dingane, aliyeshiriki kumuua ndugu yake Shaka mwaka 1828 akakalia kiti chake, hakutajiwa ushujaa peke yake. Sifo zake zinagusa pia usiri wake na damu ya ndugu zake. Leroy Vail na Landeg White, walioandika kitabu Power and the Praise Poem mwaka 1991, walitoa hoja ambayo naiona nzito sana: ruhusa hiyo ni ya utungo wenyewe kuliko ya mtu anayeughani. Neno ambalo likisemwa barazani kwa lugha ya kila siku lingemtia mtu matatani, likighaniwa kwa kanuni za sanaa hupita. Ndiyo sababu mtindo una uzito mkubwa namna hii. Mafumbo, majina ya mzunguko, maneno ya kale na mapigo ya sauti ni kinga ya mghani, na akiziacha kanuni hizo amejivua ngao katikati ya uwanja.

Waandishi haohao walifuatilia wimbo wa Paiva katika bonde la chini la mto Zambezi, nchini Msumbiji. Huko wafanyakazi wa mashamba ya miwa waliimba kwa miongo mingi dhidi ya mwenye kampuni, wakimtaja kwa jina na kumpa matusi yake yote, katika nyakati ambazo mtu aliyethubutu kusema hayo kwa maneno makavu angeadhibiwa vikali.

Kinga hiyo ina mwisho wake. Melikaya Mbutuma, imbongi wa Wathembu, alimghani chifu wake Sabata Dalindyebo katika miaka ya 1960 na kumpinga Kaiser Matanzima, aliyekuwa upande wa serikali ya ubaguzi. Mwanaanthropolojia Archie Mafeje aliandika habari zake, na inajulikana kuwa polisi walimsumbua. Serikali ya kikaburu haikutambua kanuni za uwanja wa izibongo, na hapo ushairi ulibaki bila ngao.

Je, wajua kwamba mwaka 1925, Mwanamfalme wa Wales alipozuru Afrika Kusini, aliandaliwa sifo ambazo ndani yake mlikuwa na shtaka? Mtunzi alikuwa S. E. K. Mqhayi, aliyezaliwa 1875 na kuitwa imbongi wa taifa zima. Aliisalimu Uingereza kwa heshima zote za utungo, kisha kila zawadi aliyoitaja ikafuatana na madhara yake, mpaka salamu yenyewe ikawa hesabu ya deni. Mqhayi ndiye pia aliyeongeza beti kwenye wimbo wa Enoch Sontonga, Nkosi Sikelel' iAfrika, ambao sisi Tanzania tunauimba kwa maneno yetu kama wimbo wa taifa.

Mandela alimwona Mqhayi alipokuwa mwanafunzi katika shule ya Healdtown mwaka 1938, akasimulia katika kitabu cha maisha yake. Mqhayi aliingia amevaa ngozi ya chui, mkuki mkononi. Alipokuwa akisema akauinua mkuki ukagonga waya wa pazia juu ya jukwaa. Mtu mwingine angeomba radhi. Yeye aliugeuza mgongano huo kuwa hoja papo hapo: mkuki ni utamaduni wa Mwafrika, waya ni wa Mzungu, na tazameni vinavyogongana. Ukitaka kuelewa maana ya kutunga papo kwa papo, tukio hilo linatosha.

Je, wajua kwamba Rwanda ya kale ilikuwa na sifo ambazo msikilizaji hakutarajiwa kuzielewa mara moja? Ibisigo, tungo za ukoo wa kifalme, zilitungwa na kuhifadhiwa na abasizi. Mapokeo humtaja Nyirarumaga, mama mfalme wa zama za Ruganzu Ndori, kuwa mwasisi wa utanzu huo. Utamu wake umo katika kuficha. Mtunzi anayetaka kumtaja mfalme hulichukua jina lake akatafuta neno linalokaribiana nalo kwa maana, kisha neno linalofanana na hilo kwa sauti, kisha kitu kinachohusiana na hilo la pili, na hicho cha mwisho ndicho kinachoingia katika utungo. Tujaribu kwa Kiswahili. Mtu anaitwa Jabali. Jabali ni mwamba. Mwamba ni jiwe kubwa, lakini pia ni mti unaobeba paa la nyumba, na juu ya paa kuna makuti. Mghani atasema "makuti", na anayejua atamwona Jabali. Sasa zidisha hilo kwa utungo mrefu wenye wafalme wengi, uelewe kwa nini mafunzo ya abasizi yalikuwa kazi ya maisha na ya ukoo.

Alexis Kagame, padre na mwanahistoria aliyezaliwa 1912, alikusanya zaidi ya tungo 170 za aina hiyo kutoka kwa waliozihifadhi vichwani, akazieleza katika kitabu cha 1951. Bila yeye nyingi zingezikwa pamoja na wazee hao. Kagame anatudai shukrani kubwa kuliko tunavyomtaja katika madarasa yetu ya fasihi ya Afrika Mashariki.

Je, wajua kwamba Wanyarwanda waliwasifu ng'ombe kwa mizani inayohesabu urefu wa vokali? Utanzu huo ni amazina y'inka, na ulistawi katika zama za mfalme Mutara Rwogera, karne ya 19. Vokali fupi huhesabiwa pigo moja, ndefu mapigo mawili. Ng'ombe waliosifiwa ni inyambo, wale wenye pembe ndefu zilizopinda kwenda juu, na kila mmoja aliyestahili alipewa majina ya kivita kana kwamba ni askari. Ukienda kwenye makumbusho ya ikulu ya mfalme, Nyanza, utawakuta inyambo na wachungaji wanaowaimbia. Na harusini, mahari inapotajwa, huitwa mtu wa kuwasifu ng'ombe hao mbele ya wakwe, hata kama ng'ombe wenyewe wako malishoni mbali.

Wafugaji wengine hawako nyuma. Wahima huwaghania ng'ombe wao ebirahiro. Kijana wa Kidinka, Sudan Kusini, hujiita kwa rangi ya dume lake na kwa kila kitu kingine chenye rangi hiyo, hivyo akimsifu ng'ombe amejisifu mwenyewe. Na Msomali anayetunga gabay hufungwa na sauti moja: akianza na konsonanti fulani, kila mstari hadi mwisho lazima uwe na maneno yanayoanzia hapo. Sayid Mohammed Abdille Hassan, aliyepigana na Waingereza kwa miaka 20, alimtungia shairi farasi wake Hiin Finiin chini ya sheria hiyo.

Je, wajua kwamba oriki za Wayoruba hazina mwanzo, kati wala mwisho? Karin Barber alikaa na wanawake wa mji wa Okuku, Nigeria, akaandika kitabu kuhusu sifo hizo mwaka 1991. Alionyesha kwamba vipande vya oriki vimetungwa na watu mbalimbali, nyakati mbalimbali, na mghani huviunganisha kadiri anavyomwona aliye mbele yake. Anaweza kuanzia popote. Msomi aliyezoea utenzi wenye beti za dua, kisa na tamati atatafuta uzi wa hadithi na hatauona, kwa kuwa kinachoshikilia utungo ni mtu anayesifiwa. Mtoto wa Kiyoruba hupewa jina la oriki tangu utotoni, kama Ajani kwa mvulana au Ayinke kwa msichana, na mama hulitumia anapombembeleza.

Na oriki hupigwa kwa ngoma pia. Kiyoruba kina toni tatu, na ngoma ya dundun, yenye kamba zinazobanwa kwapani, huzipandisha na kuzishusha sawasawa. Mtu mashuhuri akiingia ukumbini, mpiga ngoma humtaja kwa ukoo wake wote bila kufungua kinywa.

Je, wajua kwamba Mshona wa Zimbabwe akikupa asante kamili, anakughania ukoo wako? Chakula kikiisha kuliwa au zawadi ikipokelewa, hutajwa mnyama wa ukoo na sifa zake. Kuna pia sifo ambazo mke na mume hupeana faraghani, chini ya blanketi, ziitwazo madanha. Ni utanzu usio na hadhira, jambo ambalo vitabu vingi vya fasihi simulizi husema haliwezekani.

Je, wajua kwamba Waluba wa Kasai, Kongo, huwaghania marehemu wao kasala, wakimtaja mtu kwa majina yake, ya wazazi na ya ukoo mpaka kilio kipate maneno? Clémentine Faïk-Nzuji alichapisha utafiti juu yake mwaka 1974.

Je, wajua kwamba waganga wa Kisotho wana sifo za mifupa ya ramli? Kila namna mifupa inavyoanguka ina utungo wake, na mganga huughani kabla ya kutoa jibu. Basotho na Watswana wameisifu hata treni, kwa majina yaleyale ya kishujaa waliyokuwa wakiwapa wapiganaji.

Je, wajua kwamba wanawake wa Kizulu wana izibongo zao, na wake wenza huzitumia kurushiana yale wasiyoweza kusemezana jikoni? Liz Gunner alizikusanya katika miaka ya 1970. Mke hujisifu, na ndani ya kujisifu kwake mna mshale unaoelekezwa kwa mwenzake au kwa mume anayependelea. Anayelengwa anasikia, majirani wanasikia, na hakuna ugomvi rasmi uliotokea. Waswahili wanaojua mipasho ya taarabu na kanga zenye maneno hawahitaji kufafanuliwa zaidi.

Lakini uwanja wa mfalme ulikuwa wa wanaume. Nontsizi Mgqwetho aliuvunja ukuta huo kwa kalamu. Katika miaka ya 1920 alichapisha mashairi mfululizo katika gazeti la Umteteli wa Bantu, Johannesburg, kwa mtindo wa izibongo, akasema wazi kwamba huko vijijini mwanamke asingeruhusiwa kuwa imbongi. Aliwasuta viongozi wa siasa, wanaume walevi na makanisa, akaililia nchi iliyoporwa. Kisha, mwishoni mwa muongo huo, sauti yake ikatoweka gazetini. Jeff Opland alizikusanya tungo zake katika kitabu mwaka 2007. Ningependa kila shule inayofundisha majigambo kama mali ya wanaume wenye mikuki ianze na Mgqwetho.

Je, wajua kwamba pwani yetu nayo imesifu silaha? Miongoni mwa tungo zinazonasibishwa na Fumo Liyongo kuna za kuusifu uta wake, na utumbuizo wa Mwana Manga unaomsifu mwanamke. Kadhalika kasida za kumsifu Mtume zinazosomwa kwenye maulidi ni sifo zilizokomaa, zenye kanuni na wasomaji wake.

Je, wajua kwamba Mjaluo akitaka kusifiwa huweza kumsimamisha mwimbaji? Desturi hiyo huitwa pakruok. Mpigaji nyatiti, ala ya nyuzi nane, hukatizwa katikati ya wimbo. Mtu hutoa fedha, akajitaja yeye, rafiki zake na kwao kwa maneno ya kuchekesha na kutamba, kisha muziki huendelea. Kinshasa wanayo mabanga: majina ya matajiri na wafadhili yanayorushwa ndani ya wimbo wa dansi kwa malipo. Nyimbo ni tamu, lakini hapa nasita. Katika pakruok mtu hujitungia na wenzake humpima papo hapo, wakicheka au wakinyamaza. Katika mabanga fedha hulipia jina litajwe tu, na lile jina lililokunja tendo ndani yake halipo tena. Kila msikilizaji wa Dar es Salaam au Nairobi anayajua majina hayo kwa moyo bila kujua wenyewe walifanya nini.

Je, wajua kwamba bunge la Afrika Kusini linapofunguliwa kwa hotuba ya rais, imbongi hutangulia akighani? Lakini mfano ninaoupenda zaidi ulitoka kiwandani. Alfred Temba Qabula alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha matairi cha Dunlop, Durban. Mwaka 1984 alitunga izibongo za FOSATU, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, akazighani kwenye mikutano ya wenzake akiwa amevalia mavazi ya kiimbongi. Aliyesifiwa safari hii hakuwa mfalme. Lilikuwa shirika, nalo lilipewa majina ya kivita kama alivyopewa Shaka. Na kwa kuwa aliijua kazi ya utungo wake, Qabula hakuishia kwenye sifa: aliwakumbusha viongozi wa FOSATU jinsi waliowatangulia walivyowatupa waliowachagua, na akawaonya hadharani wasirudie. Tungo zake zilichapishwa mwaka 1986 katika kitabu Black Mamba Rising, pamoja na za Mi Hlatshwayo na Nise Malange, wakati shirikisho hilo lilikuwa limeshaungana na vyama vingine kuunda shirikisho jipya, COSATU.